Nitrati Katika Tangi la Samaki wa Bahari: Hesabu Kabla ya Ndoo
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tulifuata njia ya amonia: inatoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye mabaki ya chakula, kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hapo safari inakwama. Katika tangi lenye hewa ya kutosha nitrati haina pa kwenda, hujilimbikiza wiki baada ya wiki. Baharini mbele ya Mapinga, ukishapita matope ya mikoko, nitrati kwa kawaida haifiki hata miligramu moja katika lita. Sebuleni, kipimo cha matone kuonyesha 80 au 100 ni jambo la kila siku. Samaki wagumu huvumilia 20, hata 40. Matumbawe hai hutaka chini ya 10.

Kwanza soma vizuri karatasi ya kipimo chako. Vipimo vingine hutaja nitrati yenyewe, vingine hutaja naitrojeni tu iliyomo ndani yake, na namba ya aina hii ya pili ni lazima izidishwe kwa 4.4 ndipo zilingane. Anayesoma 10 akadhani yuko salama huenda yuko kwenye 44.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu hii watu hubeba ndoo miaka na miaka bila kuona nafuu. Chukua tangi la lita 200, na mwenyewe anayewapa samaki gramu mbili za chakula kikavu kwa siku. Chakula cha aina hiyo huwa na protini karibu asilimia 45, na protini huwa na naitrojeni asilimia 16 hivi. Gramu moja basi inabeba miligramu 72 za naitrojeni, na zikigeuka zote zinakuwa miligramu 319 za nitrati. Gramu 14 za wiki nzima zinaweza kuongeza miligramu 22 katika kila lita ya tangi. Tuseme robo inabaki mwilini mwa samaki wanaokua: bado zinaingia kama 16 kila wiki.

Mwenye tangi huyo anabadilisha asilimia 10 ya maji kila Jumamosi, na anashangaa mbona nitrati haishuki. Haiwezi kushuka. Inaingia 16, na yeye anatoa sehemu moja tu ya kumi ya nitrati iliyopo. Itapanda mpaka ikaribie 160, kwa sababu hapo ndipo sehemu ya kumi inapolingana na kinachoingia. Akibadilisha robo ya maji kila wiki, itatulia kwenye 64. Akibaki na robo hiyo hiyo na kupunguza chakula kwa nusu, 32. Gawanya kinachoingia kwa wiki kwa sehemu ya maji unayobadilisha, utapata namba ambayo tangi lako linaielekea. Mawe na mchanga hupunguza makali, lakini mwelekeo ni huo.

Ndiyo maana nasisitiza chakula kabla ya kifaa chochote. Samaki wa baharini wenye afya hawahitaji kushibishwa mara tatu kwa siku. Wape kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Ukiwapa uduvi au vipande vya dagaa, visuuze kwanza ule mchuzi wake utoke, kwa sababu mchuzi huo haumlishi samaki yeyote. Sponji ya chujio nayo ioshwe kila wiki ndani ya ndoo ya maji ya tangi yaliyotolewa. Uchafu uliokwama kwenye sponji haujatoka tangini, bado unaoza ndani ya maji yale yale.

Jambo la pili ni maji yenyewe, na hapa mkazi wa Mapinga ana neema na ana mtego. Neema ni bahari. Maji ya chumvi yanayouzwa kwa unga huko Ulaya kwa bei kubwa, huku yanatekwa kwa dumu. Yatekwe maji yakiwa yamejaa, wakati bahari ya nje imeingia, wala si maji yanapokupwa na kuburuta tope la mikoko. Kaa mbali na mlango wa Mto Mpiji, na wakati wa masika usiteke siku za karibu na mvua kubwa, kwa sababu mito huleta matope, mbolea na uchafu wa vyoo. Chuja kwa kitambaa kizito, funika dumu gizani siku kadhaa, kisha pima chumvi. Bahari ya kawaida ina gramu 35 hivi kwa kilo ya maji.

Mtego ni kisima. Maji ya tangi yanapokauka kwa joto, chumvi na nitrati hubaki, na mwenye nyumba hujazia maji matamu. Viwanja vingi kutoka Bunju hadi Kerege vina kisima na shimo la choo ndani ya ukuta mmoja. Kisima kifupi kilicho karibu na shimo kinaweza kuwa na nitrati nyingi huku maji yakiwa meupe na matamu. Kisima chenye 50, tangi lile la lita 200 likikauka lita mbili kwa siku, kinaongeza miligramu 3.5 katika kila lita kwa wiki kabla samaki hajala chochote. Kuchemsha hakuondoi nitrati, kunaizidisha kwa sababu maji hupungua. Kwa hiyo pima maji ya kisima kwa matone yale yale. Na ukiona zaidi ya 50, liache kwanza suala la samaki: hicho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kwa kujazia tangi, maji ya mvua ndiyo bora. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mwani. Katika ghuba ya Makoba, Unguja, palijengwa mabwawa ya samaki yanayojazwa kwa maji ya bahari yanapojaa. Mwaka 2002 Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Amir Neori wa Eilat, walichapisha matokeo ya kupitisha maji yanayotoka kwenye mabwawa hayo katika mwani wa aina mbili za kwetu, Ulva reticulata na Gracilaria crassa. Mwani ulinyonya amonia, ukaongeza oksijeni, ukakua. Tazama faida yake tangini: mwani wa aina hii huikamata naitrojeni ikiwa bado amonia, kabla haijafika kwenye nitrati.

Weka mwani kwenye sanduku la pembeni lenye taa na mkondo wa maji, mbali na samaki wanaoula, na taa iwake usiku wakati ile ya tangi imezimwa. Ulva ulioelea ufukweni unatosha kuanzia, baada ya kuusuuza na kuondoa kaa na konokono. Mwani wa biashara wanaolima akina mama wa Mlingotini hautufai sana, unataka jua kali na bahari inayotembea. Ulva wako uvune kila wiki au mbili. Naitrojeni inatoka nyumbani siku unapoubeba mwani nje, na usipovunwa utaoza na kurudisha kila ulichonyonya.

Kuhusu mawe: bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni huishi pasipo oksijeni, ndani kabisa ya jiwe lenye vitundu au chini ya mchanga laini wa sentimita 10. Usivunje tumbawe hai. Miamba ya Mbudya na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu yana vitundu vile vile, na baada ya miezi michache tangini bakteria watayakalia.

Wengine hutia siki ili bakteria waongezeke na kula nitrati. Inafanya kazi, lakini bakteria hao hutumia oksijeni, na maji yetu ya nyuzi 29 hubeba oksijeni kidogo. Bila mashine ya povu ya kuwatoa, na umeme ukikatika usiku, samaki hufa kabla hakujapambazuka. Anayethubutu asizidishe mililita moja kwa lita 100 kwa siku mwanzoni, asubuhi.

Tangi likiwa tayari kwenye 80, badilisha robo kwa maji ya bahari, subiri siku nne, rudia: 60, 45, 34, bila kuhesabu kinachoingia na chakula katikati. Chumvi na joto vilingane kabla ya kumimina.

Wiki ijayo: fosfeti.