Afande, Umemshuku kwa Lipi?

Saa tatu usiku. Mwanao umemtuma unga dukani pale Mlaleo, au ameketi maskani na wenzake wakipiga soga, na mara karandinga linasimama. Askari wanaruka chini. "Panda! Panda wewe!" Hakuna anayeulizwa jina wala atokako. Habari unaletewa na mtoto wa jirani aliyewahi kukimbia, nawe unajitanda leso yako na kushika njia ya kituoni ukiwa na swali moja tu kifuani: kafanya nini?

Msomaji wa Kisauni, Likoni au Changamwe hahitaji kuelezwa zaidi, kwani wengi wenu mmekwisha kusimama mbele ya meza ile ndefu ya kituo mkisubiri afande ainue kichwa. Makala haya yanahusu jibu ambalo mzazi huyo anastahili kupewa. Si hisani ya afande. Ni sheria, na ni sheria ya zamani kuliko Katiba tuliyo nayo.

Maneno yenyewe ni machache. Kifungu cha 29 cha sheria inayoongoza kesi za jinai nchini Kenya kinasema kwamba polisi aweza kumkamata mtu bila waranti ikiwa anamshuku, kwa sababu za msingi, kuwa ametenda kosa la aina ambayo sheria imeruhusu mtu akamatwe papo hapo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inayarudia hayo katika kifungu cha 58. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inasema mtu asinyimwe uhuru wake ovyo ovyo au pasipo sababu ya haki.

Sasa, sababu za msingi ni zipi? Hapa ndipo watu wengi hukosea, raia na askari pia.

Raia hukosea kwa kudhani kwamba polisi lazima awe na ushahidi kamili ndipo amguse mtu. La hasha. Ushahidi ni kazi ya mahakama. Shaka ni mwanzo wa uchunguzi, ushahidi ni mwisho wake, na kama polisi wangengoja ushahidi uive ndipo waondoke kituoni, mwizi angekuwa amekwisha kuvuka Lungalunga. Askari naye hukosea kwa kudhani kwamba shaka ni kitu cha moyoni mwake tu: nimemwona, sikumpenda, nikamshuku. Hilo nalo halitoshi. Katika kesi ya Kagane dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa hapa Kenya mwaka 1969 na iliyohusu mtu kushtakiwa bila sababu, mahakama ilieleza kwamba imani ya anayeshtaki, hata ikiwa ya kweli, haitoshi peke yake. Lazima pawe na mambo ambayo mtu wa kawaida mwenye busara, lau angeelezwa hayo hayo, naye angeyaamini.

Mambo. Neno hilo ulishike, msomaji. Askari awe na mambo ya kutaja.

Kisa kimoja cha Marekani kinalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Mwezi wa Oktoba 1963, katika mji wa Cleveland, askari kanzu aitwaye Martin McFadden aliwaona wanaume wawili wakipokezana kupita mbele ya duka moja. Mmoja huenda, huchungulia dirishani, hurudi pembeni kwa mwenzake wakanong'onezana, kisha mwenzake naye huenda. Walifanya hivyo kiasi cha mara kumi na mbili. McFadden aliwafuata, akawauliza majina yao, wakamumunya maneno. Alipowapapasa nguo kwa juu akakuta bastola. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1968 majaji wanane kati ya tisa walisema askari hakukosa, kwa kuwa aliweza kutaja jambo moja baada ya jingine alilolishuhudia kwa macho yake. Lakini walisema pia kwamba hisia tupu haitoshi, na kwamba alichoruhusiwa kwa shaka hiyo ni kuwasimamisha na kuwapapasa kutafuta silaha, basi.

Hebu turudi nyumbani. Mama mmoja amekatwa kwa panga Kwa Bulo akanyang'anywa simu. Anasema walikuwa watatu, mmoja kavaa fulana nyekundu yenye nambari mgongoni, wakakimbilia upande wa Mtopanga. Dakika kumi baadaye askari anamkuta kijana wa fulana nyekundu yenye nambari, anahema, anatoka upande huo huo. Akimkamata, huwezi kumlaumu, hata ikiwa kesho itabainika kwamba kijana alikuwa akitoka mpirani. Lakini askari huyo huyo akienda maskani ya tatu kutoka hapo akawazoa vijana kumi na wawili, wa kanzu na wa kaptura, kwa kuwa "hawa wa hapa ndio hao hao", hapo hana la kutaja. Ametaja mtaa. Mtaa haukuchukua simu ya mtu.

Najua watakuwapo watakaosema naitetea mitaa iliyotutesa. Tusijifanye hatujui. Makundi ya vijana wa mapanga kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yaliwafanya watu wa Kisauni wafunge maduka mapema na kuogopa kwenda sala ya alfajiri. Aliyeshonwa nyuzi kichwani ana haki ya kutaka polisi wafanye kazi. Ila nami nauliza: ukiwazoa kumi na wawili na mwenye panga hayumo, nani amepona usiku ule? Mwenye panga yuko kwao amelala, na kumi na wawili wamejifunza kwamba kuwa mwema au kuwa mbaya, seli ni ile ile. Wale ambao wangekunong'oneza kesho ni nani mwenye panga, umekwisha kuwafunga midomo.

Likoni ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakachukua bunduki, na kwa majuma kadhaa watu wa bara walichinjwa na kufukuzwa makwao. Lilikuwa jambo la kutisha, na hakuna aliyetaka polisi wakae bure. Ilivyofuata ni msako wa jumla uliozoa mamia ya watu Likoni, Mtongwe na upande wa Kwale, Wadigo hasa. Katiba ya wakati huo ilisema vilevile kwamba shaka iwe na msingi, lakini iliruhusu mtu wa kosa la kunyongwa akae mikononi mwa polisi siku 14 kabla ya kumwona hakimu. Kesi zilipofika mahakamani, wengi wa walioshtakiwa waliachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Ukiwauliza wazee wa Likoni hadi leo, watakusimulia zaidi habari za msako kuliko habari za kesi.

Wengine hudhani kanuni hii ni ya vijana na karandinga pekee. Sivyo. Inamlinda pia mwenye ofisi, mwenye akaunti ya benki, hata shirika zima, na mfano wake ulitokea papa hapa Mombasa.

Mnamo Aprili 2, 2015, magaidi walikishambulia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Nchi ilikuwa kwenye machozi na hasira. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali wa Polisi akatangaza katika gazeti rasmi la Serikali orodha ya majina zaidi ya 80 ya watu na mashirika yaliyoshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab. Humo mlikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, ambayo kwa miaka yalikuwa yakilalamikia watu kutekwa na kuuawa. Akaunti zao zikafungwa. Mwezi uo huo maofisa wa kodi wakaingia ofisini mwao na kuondoka na vifaa vya kompyuta.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, ambayo ndiyo iliyotumiwa, inasema nini? Inasema Inspekta Jenerali awe na sababu za msingi za kuamini kwamba shirika limetenda au kusaidia ugaidi. Inasema kabla hajapendekeza lolote, alipe shirika nafasi ya kujieleza. Kisha Waziri naye aridhike kwamba sababu hizo zipo, ndipo atangaze. Umeona ngazi hizo? Shaka, kusikilizwa, kuridhika, kutangaza. Hapa akaunti zilifungwa wakati watu bado wako ngazi ya chini wakitakiwa kujieleza.

Mashirika yakaenda Mahakama Kuu, Mombasa. Novemba 2015 Jaji Anyara Emukule aliamuru akaunti zifunguliwe, kwa kuwa kuzifunga vile kulikiuka Katiba. Kilichokosekana mbele yake kilikuwa kile kile kinachokosekana usiku wa maskani: jambo la kutaja. Lakini miezi saba ilikuwa imekwisha kupita, kazi imelala na wafanyakazi wana watoto wa kulipiwa karo. Ndiyo sababu sheria inataka msingi uwepo kabla ya mkono kunyooshwa. Kuutafuta baadaye ni kama kuchimba msingi wa nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Na je, wakija nyumbani kwako? Kawaida ya sheria ni hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu, naye huitoa baada ya kuelezwa kwa kiapo kinachotafutwa ni nini. Hati hiyo hutumika kati ya macheo na machweo, Jumapili ikiwamo, isipokuwa hakimu ameruhusu saa nyingine. Polisi wanaweza kuingia bila hati pale ambapo kungoja kungeharibu uchunguzi, lakini hata hapo kifungu cha 60 cha sheria yao kinamtaka ofisa aandike kwanza sababu za imani yake na anachokwenda kukitafuta. Awe pia na kitambulisho chake cha kazi, na ukimwomba akuonyeshe. Mwomba kwa upole, tafadhali. Usiku wa manane mlangoni si mahali pa kushindana kwa sauti na mtu mwenye bunduki, hata ukiwa na haki kama mlima. Wanawake wapekuliwe na mwanamke, kwa staha. Hilo limo katika sheria, halitokani na huruma ya mtu.

Kuna jambo la Ijumaa ambalo kila familia yapaswa kulijua. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiishia siku ambayo mahakama imefungwa, yangojwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni aweza kulala ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa, na wako wanaolijua hilo vizuri mno. Dawa yake ni dhamana ya polisi, ambayo mkuu wa kituo ana uwezo wa kuitoa wikendi hiyo hiyo. Ukitoa pesa taslimu, dai risiti, maana hizo ni amana, hurudishwa kesi ikimalizika. Pesa isiyo na risiti si dhamana, unajua mwenyewe ni nini. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa hilo.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kumfungia kuwe njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima. Ukifika, sema umri wake kabla hujasema lingine.

Aliyekamatwa bila msingi aweza kulalamika kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, ambayo ina ofisi Mombasa. Aweza pia kuishtaki Serikali kudai fidia, ila asilale: kesi ya madai ya namna hiyo hufunguliwa kabla ya miezi 12 kwisha, nayo miezi hupita upesi mtu akiwa bado anasema "nitakwenda".

Sasa uko pale kituoni na leso yako. Mwamkie afande, sema jina la mwanao, na uulize ameandikwa nini katika kitabu cha OB. Katiba inasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu, iwe Kiswahili, Kidigo au Kigiriama. Kwa hiyo sababu lazima iwepo. Ikiwa jibu ni "wizi wa simu, Kwa Bulo, saa mbili na nusu", basi hilo ni jambo, na kazi yako ni kutafuta wakili na mashahidi wa alikokuwa saa hiyo. Ikiwa jibu ni "alikuwa akizurura", muulize alikuwa akizurura akifanya nini, na ungoje jibu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji tu haziafikiani na Mkataba wa Afrika, ambao Kenya nayo imeuridhia.

Chukua nambari ya OB, uiandike. Muulize pia saa aliyokamatwa, nayo uiandike, maana zile saa 24 huanza kuhesabiwa tangu aliposhikwa kule maskani, si tangu karandinga lilipomaliza mizunguko yake likafika kituoni.