Nyumba Iliyozungukwa na Maji

Katika jimbo la Warwickshire, nchini Uingereza, ipo nyumba ya kale iitwayo Baddesley Clinton. Imejengwa kwa mawe, nayo imezungukwa na handaki lililojaa maji. Mgeni huingia kwa kupita darajani.

Katika karne ya 13, mabwana wengi wa Kiingereza walichimba mahandaki ya namna hii. Walitaka kujikinga na wezi na maadui, na tena kuonyesha fahari yao. Maji hayo yalifaa pia kufugia samaki na kupokea uchafu wa vyoo uliopita katika mfereji chini ya nyumba. Yafaa tuukumbuke mfereji huo.

Mwaka 1438 nyumba ilinunuliwa na John Brome, mwanasheria. Baadaye, kwa njia ya ndoa, ikawa mali ya ukoo wa Ferrers, uliokaa humo zaidi ya miaka 400.

Basi, tangu mwaka 1585 sheria ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliamuru kwamba padre wa Kikatoliki aliyepata upadre ng'ambo, akionekana Uingereza, auawe. Aliyemficha naye aliweza kuuawa. Hata hivyo, alfajiri moja ya Oktoba 1591, mapadre kadhaa walikuwa Baddesley Clinton wakijiandaa kwa Misa. Mara askari wakabisha hodi kwa kishindo.

Watumishi wakawazuia mlangoni. Mapadre wakaficha vyombo vya ibada, wakageuza magodoro yao ili askari wakiyapapasa wasione joto la watu waliolala. Kisha wakateremka katika ule mfereji wa zamani, wakasimama majini muda wa saa nne. Askari walipekua nyumba yote, wasiwaone.

Hatari haikuishia hapo. Mmoja wao, Robert Southwell, alikamatwa mwaka 1592, akauawa mwaka 1595. Mwenzake, Henry Garnet, aliuawa mwaka 1606. John Gerard alinusurika, akaandika habari za asubuhi ile.

Tangu mwaka 1980 nyumba hiyo imo mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi mambo ya kale, na watu huenda kuitazama. Wengi husifu handaki. Lakini siku ile handaki halikuzuia kitu, maana askari walipita darajani. Kilichookoa watu ni mfereji wa uchafu, pamoja na akili ya kukumbuka kugeuza godoro.