Kaacha Unga, Mbona Sasa Ana Makengeza?

Mwenzi wako ameacha unga. Siku za kwanza zilikuwa moto: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, usiku hamlali. Mkadhani arosto imeisha. Ghafla anakwambia anaona daladala mbili mahali penye moja, na ukimtazama vizuri, jicho limeingia upande wa pua. Kinachokujia kichwani ni kimoja tu: huyu karudia!

Subiri kwanza. Inawezekana kabisa macho hayo yanaonyesha kwamba kweli ameacha.

Iko hivi. Ubongo ndio unaoyashikilia macho yote mawili yatazame kitu kimoja. Heroini huvuruga kazi hiyo, na kwa mtumiaji macho huelekea kwenda nje. Ikikatwa, mambo yanageuka, yanavutwa ndani. Mwaka 2001 Alison Firth wa Uingereza aliandika katika jarida la Eye kuhusu watu wazima waliopata makengeza ya ghafla walipoacha heroini. Kinachosumbua zaidi ni kuona vitu viwili viwili, hasa vya mbali. Simu mkononi anaisoma freshi, lakini runinga ukutani zinakuwa mbili.

Wengine hurudi sawa wenyewe. Wengine huhitaji miwani yenye prizimu, na wachache upasuaji.

Hatari kubwa ni nyingine: kuona kuacha ndiko kunakomharibu, akaamua kuvuta "kidogo tu" atulie. Mwili uliokwisha kuachana na unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Kinaweza kumuua.

Sasa ufanye nini?

• Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka aone kitu kimoja.

• Nendeni kliniki ya macho, na amweleze daktari ukweli: alitumia nini, aliacha lini. Akificha, daktari atahangaika kutafuta chanzo.

• Kichwa kikiuma sana, kope likianguka au upande mmoja wa mwili ukilegea, hospitali siku hiyo hiyo. Usisingizie arosto.

• Kama anahangaika kuacha peke yake, muulizieni huduma ya methadoni. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na leo kuna kliniki nyingine kadhaa nchini.

Na wewe mpenzi msomaji, punguza kumchunguza kama polisi. Uliza, sikiliza, msindikize kliniki. Ukimhukumu kwa jicho lililopinda, unaweza kuwa ndiye unayemrudisha kijiweni.