Vipande vya kitenge, saa za mama

Ku Mutshatsha, kila fundi wa kushona iko na saki ya vipande chini ya mashini yake. Ni vile vinavyobaki akimaliza kukata kitenge: vidogo kwa kushona nguo, vizuri kwa kutupa. Wengi wanawashia navyo moto. Lakini kipande kikubwa kama kiganja cha mkono kinatosha kwa kazi moja isiyoomba mashini wala umeme: kushona vipande juu ya karatasi, mpaka vinakuwa kifuniko cha kitanda ao cha mto.

Mutauliza: mutu wa sendika anatafuta nini mu mambo ya sindano? Wazee wetu ku Union Minière walikuwa wanasema: « Kazi njo baba, njo mama. » Kampuni ilitoa nyumba, poso, hospitali na masomo. Bibi wa mfanyakazi alienda ku « foyer social », akafundishwa kushona na kufuma. Ilikuwa kwa kupanga nyumba ya bwana vizuri, haikuwa kwa kupata mshahara. Kisha baba huyo akachoka. Mwaka wa 2001 professa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa kitabu juu ya familia zetu, akakiita « Bana Shaba abandonnés par leur père »: wana wa shaba walioachwa na baba yao. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile « départ volontaire ». Mu nyumba nyingi ni mama njo alibeba mzigo, na bunga, na makala, na vitumbula. Leo baba iko na mkataba mufupi ku sous-traitance, ao iko creuseur. Shimo likifungwa, mfuko pia unafungwa. Mikono ya mama si kitu cha kuongezea juu. Ni mshahara wa pili.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kompa ya mtoto wa masomo. Ifungue sentimetre 5, chora duara, na bila kubadilisha kompa tembea nayo pembeni ya duara mara 6. Unganisha zile alama 6 kwa rula: una umbo la pembe sita, kama tundu la nyuki. Kata moja juu ya karton kwa kupimia, kisha kata nyingi mu karatasi nguvu kidogo: kalenda ya zamani, ngozi ya kaye. Kata sawasawa, juu karatasi ikipotoka, vipande havitapatana.

Fua kwanza vitenge vyote, ili vile vinavyotoka rangi visiharibu vingine. Weka karatasi ku mgongo wa kitenge, kata kitenge ukiacha sentimetre moja pande zote, kunja ile ziada juu ya karatasi na ishikize na mishono mirefu ya uzi wa rangi ingine. Halafu chukua vipande viwili, uso kwa uso, ushone pembeni na mishono midogo midogo. Sindano ikamate kitenge tu, isiingie mu karatasi. Kimoja katikati na sita kuzunguka, una ua. Kipande kikisha kuzungukwa pande zote, fungua ule uzi mrefu, vuta karatasi, uitumie tena. Za pembeni zinatoka mwisho, kisha kupiga pasi ya makala.

Njia hii ni ya zamani. Uingereza kuna kifuniko cha hariri chenye kuandikwa mwaka 1718, kilishonwa vile, na karatasi. Na kwetu Kongo, wanawake wa Wakuba ku Kasai wanashona vipande juu ya nguo za rafia tangu zamani. Mu vifuniko vingine vya Ulaya karatasi zilibaki ndani, na leo watu wanasoma juu yake barua na hesabu za wale walioshona. Kwa hiyo, bamama, onyo moja la sendika: musikate karatasi za malipo za baba! Hata zikuwe nzee, zile njo zinaonyesha miaka yake ya kazi siku ya kuomba pensheni ku CNSS.

Onyo la pili ni zito zaidi. Usitumie salopeti ya shimo, hata ikiwa nguvu na nzuri. Inabeba vumbi la madini. Mu Kasulo, ku Kolwezi, wachunguzi wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha mwaka wa 2018 kwamba watoto walikuwa na kobalti nyingi mu mkojo. Kitu mtoto atalalia kisitoke mu nguo ya kazi. Na salopeti ifuliwe mbali na nguo za nyumba.

Tubakie na hesabu. Kitanda cha metre 1,50 kwa 2 kinaomba vipande 460 hivi. Kama kila kipande kinakula dakika 15, kukata, kukunja na kuunga, ni saa 115. Ukishona saa 3 kila siku, ni siku 38, bila kuhesabu kitambaa cha chini. Mutu akikuja kusema « ni vipande vya bure, uniuzie bei ya chini », anasahau zile saa 115. Vipande ni vya bure, mikono hapana.

Kwa hiyo anza na kidogo. Ua moja la vipande 7, lenye upana wa sentimetre 26, ulishone juu ya kitambaa cha rangi moja: ni kifuniko cha mto, na ua lile linaomba saa moja na dakika 45. Kushona ni masomo yanayopatikana hata mu Kolwezi, kwa Masista wa Bon Pasteur. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inajulikana kwetu. Wanunuzi hawatakosa, hapa ao ku Kolwezi.

Kila mama aweke kaye karibu na sindano. Aandike saa aliyoanza na saa aliyoacha, kama vile baba anavyoandikiwa ku poste. Siku ya kusema bei, afungue kaye kwanza, njo afungue kinywa.