Kizuri Chajiuza? Matarumbeta na Bei Zake

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mnadani tarumbeta huuzwa na jina la aliyelipuliza. Lisipokuwa na jina, huuzwa na maandishi yaliyochongwa juu yake.

Makongwe yaliyosikika redioni. Kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na matarumbeta mawili, la fedha na la shaba, yenye zaidi ya miaka 3,000. Mwaka 1939 yalipulizwa Cairo, BBC ikayarusha hewani.

Lililowashangaza wakadiriaji. Tarumbeta la buluu la mwanajazi Miles Davis, la aina ya Martin Committee, lenye mwezi na nyota, lilikadiriwa dola 70,000 hadi 100,000. Oktoba 2019, Christie's ya New York ililiuza kwa 275,000.

Bovu lililoleta faida. Mwaka 1953, kwenye sherehe, tarumbeta la mwanajazi Dizzy Gillespie liliangukiwa, mdomo mpana ukapinda kuelekea juu. Akalipuliza, akaipenda sauti, akawa anaagiza yaliyopindwa vivyo hivyo. Mojawapo liliuzwa dola 63,000 mwaka 1995. Lako likipinda, utamlipa fundi.

Linalosakwa kwa anwani. Vincent Bach, mzaliwa wa Austria, alihamishia kiwanda chake cha matarumbeta Mount Vernon, New York, mwaka 1953. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa Selmer, kisha kazi ikahamia Elkhart, Indiana. Wapulizaji wengi huyawania ya Mount Vernon. Soma anwani iliyochongwa kwenye mdomo mpana, uilinganishe na namba ya kiwanda iliyogongwa kwenye silinda ya pistoni ya kati. Chomoa mrija mmoja bila kubonyeza pistoni yake: ukialika "po!", pistoni bado inashika hewa. Vanishi mpya isikuvutie. Kabla ya kuipaka, fundi huwa amesugua shaba, na maandishi hufifia.

Linalodanganya warithi. Olds Ambassador lilitengenezwa California kwa wingi, kwa ajili ya wanafunzi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979, na wajukuu hudhani wamerithi hazina. Ni ala imara, ila yako mengi mno.

Lisilo na bei. Siwa ya Pate, ndugu wa matarumbeta haya, ni ya pembe za ndovu, ndefu takriban mita mbili, na hupulizwa ubavuni. Imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Haina namba ya kiwanda. Ilipolia, watu walijua ni shughuli ya wenye mamlaka. Dalali angeanzia shilingi ngapi?