Kabla ya Kufunga Matairi Makubwa: Ushauri kwa Wenye Magari ya Njia Mbovu



Kila msimu wa mvua unapokaribia, wenye magari ya kuendeshwa kwa magurudumu manne, kuanzia Mutukula hadi Kikagati, huanza kuulizia matairi makubwa zaidi. Sababu zao zinaeleweka. Gari lilelile linalobeba maharage kwenda sokoni ndilo linalomwahisha mama mjamzito hospitalini usiku wa manane, na likikwama matopeni huenda lisipatikane jingine. Polisi hatupingi matairi mazuri. Tunaloomba ni kwamba mwenye gari, kabla hajatoa fedha zake, ajue anapata nini na anapoteza nini. Kinachopotea mara nyingi ni uwezo wa gari kusimama kwa wakati, na hasara hiyo haimpati dereva peke yake. Humpata pia mtoto anayetembea kando ya barabara akitoka shuleni.

Kusoma namba za tairi

Ubavuni mwa tairi huandikwa namba kama 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kuwa asilimia ya upana huo: asilimia 70 ya 265 ni karibu milimita 186. Herufi R huonyesha kuwa tairi ni la radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, tairi zima lina kimo cha karibu milimita 777.

Tuseme mwenye gari anaondoa tairi hilo na kufunga 285/75R16 kwa rimu ya inchi zilezile. Tairi jipya lina kimo cha karibu milimita 834, yaani limezidi kwa milimita 57. Hata hivyo, gari halitainuka kwa milimita 57. Litainuka kwa nusu yake tu, kama milimita 28, kwa kuwa nusu nyingine ya ongezeko iko juu ya ekseli. Faida yote ya kimo, basi, haifiki sentimita 3.

Spidomita haitasema kweli

Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu. Haijui kwamba tairi limebadilishwa. Tairi refu husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kwa mfano wetu, tofauti ni zaidi ya asilimia 7. Kama spidomita ilikuwa sahihi hapo mwanzo, ikisoma 80 gari litakuwa linakwenda karibu kilomita 86 kwa saa. Na pale alama inapoagiza 50, dereva anayedhani ametii atakuwa anakaribia 54.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini umbali wa kusimama hauongezeki kwa kiasi kilekile cha mwendo. Mwendo ukizidi kwa asilimia 7, umbali ambao gari hutembea baada ya breki kukanyagwa huongezeka kwa karibu asilimia 15. Zaidi ya hayo, tairi kubwa kwa kawaida ni zito, na breki zilizotengenezwa kwa gurudumu dogo hulazimika kulizuia gurudumu kubwa. Siku ya gulio, barabara ikiwa imejaa watu, baiskeli na bodaboda, mita chache hizo ndizo zinazotenganisha mshtuko na msiba.

Kupinduka na kusugua

Gari lililoinuliwa huwa jepesi kupinduka konani, hasa likiwa na mzigo juu ya paa au abiria waliosimama nyuma. Baadhi ya wenye magari hufunga pia rimu zinazotokeza nje ili gari lionekane pana. Rimu hizo huzielemea beringi na viungo vya usukani, na huzichakaza mapema.

Baada ya kufunga, mwombe fundi akate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa limepakiwa mzigo. Tairi likigusa madigadi, springi au mpira wa mafuta ya breki, usilitoe gari gereji. Mpira wa breki uliosuguliwa hukatika bila kutoa taarifa.

Namna ya kuchagua vyema

Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba kimo cha tairi jipya kisitofautiane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa gari letu la mfano, 275/70R16 huzidi kwa chini ya asilimia 2. Angalieni pia namba ya uwezo wa mzigo: 112 humaanisha kilo 1,120 kwa kila tairi. Isiwe chini ya ile iliyopangwa na mtengenezaji wa gari. Tairi la akiba nalo liwe la kimo kilekile, kwani kuchanganya vimo huharibu difu za gari la magurudumu manne.

Mara nyingi, ukubwa si dawa ya kukwama. Katika matope mepesi yenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hupenya na kushika vyema kuliko pana. Mchangani, kupunguza upepo kwa muda hulifanya tairi likanyage eneo refu zaidi. Lakini upepo urudishwe kabla ya kushika mwendo wa barabara kuu. Tairi lenye meno makubwa ya matope halishiki vizuri lami iliyolowa. Anayetumia lami na murram kwa pamoja afadhali achague tairi la ardhi mchanganyiko.

Matairi yaliyotumika

Wapo wanaovushiwa matairi ya mitumba kwa njia za panya kwa sababu ya bei. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na magari mepesi ya mizigo katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Atakayekamatwa nayo atayapoteza pamoja na fedha zake. Hata unaponunua dukani, dai risiti, kisha tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata kama tairi halijatembea.

Kwa wale ambao tayari wamebadilisha matairi, linganisheni spidomita na kipimo cha mwendo cha simu yenye GPS, na mwarifuni mwenye bima. Wengine, njooni kituoni muulize kabla ya kununua. Kuuliza hakuna faini. Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii inayo, nayo huanzia gerejini, siku ile unapochagua tairi.