Kadi Inayotoa Amri Mtamboni: Maelezo kwa Makatibu na Wanachama



Huletwa mara kwa mara katika mikutano yetu ombi la fedha za kununua "kadi" ya mtambo wa kuchambulia pamba, na wajumbe, kwa kuona haya kuuliza, hunyoosha mikono likapita. Fedha hizo zatoka katika pamba ya mkulima. Kwa hiyo yampasa katibu wa chama cha msingi, awe Kalangalala mjini Geita au kijijini, aijue kadi hiyo.

Wazee waliouza pamba yao wakati wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955, walizoea mitambo ya mikanda na swichi za mkono. Baadaye duniani kikaja kidhibiti cha elektroniki: Modicon 084 ya Marekani mwaka 1969, Siemens S5 mwaka 1979, Allen-Bradley PLC-5 mwaka 1986. Vyote hivyo havitengenezwi tena, ila mitambo mingi iliyofungwa navyo ingali inafanya kazi.

Mafundi hukiita kidhibiti "ubongo", ingawa hakifikiri lolote. Hufuata orodha ya maagizo tu. Umeme wake wa ndani ni mdogo, kwa kawaida volti 5, hauwezi kuzungusha mota. Hapo ndipo kadi ya kutoa amri inapohitajika. Yenyewe yajua maneno mawili tu, washa na zima, na ndiyo maana huitwa ya dijiti. Ikipewa neno la kwanza, hufungua njia ya umeme mkubwa zaidi uende kwenye koili ya kontakta au kwenye vali ya mafuta ya shinikizo la marobota.

Kadi hizi ni za namna tatu. Ya transista hubeba umeme wa moja kwa moja, mara nyingi volti 24. Ya triaki hubeba umeme wa kupishana, nayo huvujisha kidogo hata ikiwa imezima, hata taa ndogo ikabaki inafifia. Ya rilei hubeba wowote kati ya hizo, lakini huchakaa. Chukueni kishindilio cha pamba nyuzi kinachoshuka kila sekunde 15: katika saa 10 ni mara 2,400. Rilei yenye uhai wa mara laki moja itakwisha kwa siku 42 hivi, msimu ungali unaendelea. Mahali kama hapo rilei haifai. Tena kadi ya Kimarekani ya volti 120 isifungwe kwenye umeme wetu wa volti 230, hata kama umbo ni lile lile.

Taa ya kwenye kadi nayo huwadanganya wengi. Katika kadi nyingi huonyesha kwamba amri imefika, si kwamba umeme umetoka. Katika kiwanda kimoja nilichokifahamu, taa iliwaka na mota ikakataa. Kadi ikahukumiwa, pamba ikalala ghalani siku tatu, kumbe fyuzi ilikuwa imekatika. Fundi apime kwanza kwa mita.

Lakini hofu yangu kubwa si kadi iliyokataa kuwasha. Transista na triaki zikiungua mara nyingi hubaki zimeshikamana, na ncha za rilei huweza kuungana kwa cheche. Ubongo unasema zima, na mtambo unaendelea kuzunguka. Mfanyakazi aliyeingiza mkono kutoa pamba iliyokwama hataokolewa na kadi. Kitufe chekundu cha dharura lazima kikate chenyewe, kwa waya, umeme unaolisha kontakta na vali, bila kupitia kadi. Wajumbe wa halmashauri waombe kuonyeshwa jambo hilo kwa macho yao kabla msimu haujafunguliwa: kitufe kibonyezwe, mota isimame.

Ombi la kadi likija mezani, katibu adai namba kamili iliyoandikwa ubavuni mwa kadi ya zamani, namna yake, volti zake, na matokeo ya kipimo cha fundi. Kwa kuwa nyingi zinazouzwa sasa zimekwisha tumika, kila njia ya kadi ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo kabla malipo hayajafanywa. Ile ya akiba iwekwe ndani ya sanduku kavu, mbali na vumbi la pamba, na namba yake iandikwe katika daftari la mali.